Sukari ya Mama Kumi na Saba

Katika chumba changu cha kazi haruhusiwi mtu kuingia na karatasi ya kupangusia mikono. Pamba pia marufuku, na mkate, na mandazi ndiyo usiniambie kabisa. Wenzangu huniita Sumeya Marufuku, nami sijali. Karatasi hutoka kwenye mti, na mti umejengwa kwa sukari. Chembe moja ya vumbi lake ikiangukia kichupa changu, mashine itaiona sukari hiyo na kuichora kwa raha zake, nami nitabaki wiki nzima nikitafuta ni mama gani wa Nakuru anayetoa maziwa ya mkaratusi.

Kazi yangu ni kutayarisha maziwa ya akina mama, si ya kunywewa bali ya kuchunguzwa. Kila mtu anajua maziwa yana protini. Wasichojua wengi ni kwamba protini hizo hazitembei uchi. Zimevaa sukari. Si sukari ya chai. Ni vijitawi vya sukari za namna namna, vimeota juu ya protini, kila kimoja kimepachikwa mahali pake na mwili wenyewe bila kuelekezwa na mtu. Hata mtu na dada yake huenda wasivae sawa. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, nina miwani miwili na mgongo mbovu, na bado nikiviona vijitawi vile hunijia kimya fulani, kama mtu aliyechelewa msikitini akakuta watu wamesujudu.

Kuvipata kuna taratibu zake, na mwenye haraka akauze mitumba. Maziwa hutoka kwenye friza yakiwa jiwe. Nayayeyusha juu ya barafu. Nayazungusha kwenye mashine mpaka mafuta yapande juu, nayaondoa. Kisha natia spiriti baridi, na protini inaganda na kushuka chini. Hapo ndipo wanafunzi hukosea, kwa sababu maziwa yana sukari nyingi inayoogelea ovyo, isiyoshikamana na kitu, na hiyo siitaki. Lazima protini ioshwe, ioshwe tena, mpaka ibaki sukari iliyoshika tu. Halafu naipika kwa sabuni na dawa moja inayonuka yai viza ili ikunjuke, naificha ndani ya droo nusu saa na dawa nyingine isiyopenda mwanga, ndipo naitia kimeng'enya. Hicho ni mkasi hasa. Hukata kijitawi pale pale kilipoota, wala hakigusi kwingine. Naviacha kwenye joto la mwili wa mtu mpaka kesho yake.

Kesho yake vijitawi vinaelea, na navipitisha kwenye makaa. Ndiyo, makaa, yaliyosagwa laini na kushindiliwa ndani ya kijineli. Sukari hung'ang'ania makaa, uchafu ukapita. Daktari Jepkorir, mkuu wetu, hupenda kusema kwamba nyanya yake kule Londiani alijua siri ya makaa zamani, alipokuwa akiyasugua ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha. Namwambia nyanya yake hakuwa na vichupa mia moja vya kuandikwa namba. Mwisho navitia rangi vile vijitawi, na nikiviweka chini ya taa vinawaka buluu. Maziwa ya mwanamke wa Bahati au wa Rongai, yanawaka buluu mkononi mwangu! Siku nitakayoyazoea hayo, nitastaafu.

Mradi wetu ulikuwa na akina mama sitini. Kila mmoja alitakiwa kutoa maziwa mara mbili: mtoto akiwa na wiki mbili, na akiwa na wiki nane. Elphas, mwenzetu aliyekuwa nesi zamani, ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba na sanduku la barafu. Mimi sikuwajua kwa majina. Kwangu walikuwa namba tu, na mama aliyeniletea balaa alikuwa namba kumi na saba.

"Sumeya, kuja uone," Daktari Jepkorir aliniita Jumanne moja. Alikuwa ameweka michoro miwili kwenye skrini, mmoja juu ya mwingine. Mashine yetu huchora kila aina ya sukari kama kilima, na mtu akishajua kusoma, safu ya vilima humwambia mengi. "Hii ni sampuli ya kwanza ya mama kumi na saba. Hii ni ya pili. Niambie kama ni mtu mmoja."

Nilibadilisha miwani, nikatazama. Mchoro wa pili ulikuwa na vilima vitatu virefu ambavyo wa kwanza haukuwa navyo hata dalili. Ni vilima vya alama moja ya sukari iitwayo Lewis, jina la mgonjwa mmoja wa zamani. Mtu huzaliwa na alama hiyo au huzaliwa bila. Haiji ukubwani kama mvi.

"Si mmoja," nikasema.

"Basi chupa zilichanganyika. Na kama hizi zilichanganyika, nitajuaje zingine hazikuchanganyika?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Ukikosa jibu, Ijumaa saa sita naandikia kamati ya maadili. Tunatupa zote."

Zote! Maziwa ya wanawake sitini waliojikamua na vichanga mapajani, yatupwe kwa sababu ya mikono yangu. Nilikuwa sijawahi kuchanganya kichupa hata kimoja katika maisha yangu, na sina mali nyingine ya kujivunia. Sina shamba wala digrii ya pili. Nina mikono isiyokosea, basi. Nilitoka pale nikitafuta mtu wa kumrarua, na wa kwanza kukutana naye alikuwa Elphas, yuko karibu na mlango anasugua sanduku lake.

"Wewe ndiye uliyebandika namba vibaya," nikamwambia, bila salamu.

"Madam, mimi naandika namba kwa chupa mbele ya mama mwenyewe, kabla hajakamua hata tone," akasema. "Siwezi changanya. Labda huko ndani kwako."

"Huko ndani kwangu? Elphas, huko ndani kwangu hata nzi anavua viatu!"

Akaendelea kusugua, kwa kuwa ana adabu kuliko mimi. Kisha akasema taratibu kwamba tangu tuanze mzunguko wa pili akina mama walikuwa wamebadilika. Wanne walikuwa wamejitoa bila sababu. Wengine walikuwa wanamwacha mlangoni. "Ni kama tangu ile fomu mpya," akamalizia.

Alinigusa penye kidonda. Fomu mpya ilikuwa yangu. Kabla ya mzunguko wa pili, kamati ya maadili ilikuwa imetaka akina mama wapewe maelezo kwa Kiswahili badala ya kuelezwa juu juu, na kila mtu akanigeukia mimi. Babu yangu alikuja Nakuru kutoka Pwani kupika kwenye reli. Sisi ni watu wa Bondeni, na nyumbani kwetu mtoto akikosea ngeli hunyimwa chai. Niliitafsiri fomu ile kwa alasiri moja. Baba yangu, Mzee Jalal, aliisoma kwa sauti sebuleni akasema, "Hiki ndicho Kiswahili." Nilitembea wiki nzima shingo imenyooka.

"Fomu ina kosa gani?" nikamuuliza Elphas.

"Haina kosa, madam. Iko tu ngumu kama ya mtihani."

Nikamwacha hapo. Nikaenda kwenye friza, nikatoa maziwa ya mama kumi na saba yaliyobaki, ya mara ya kwanza na ya mara ya pili, nikaanza upya peke yangu. Nilifunga mlango kwa ufunguo. Niliandika namba kwa kalamu mpya. Niliosha protini mara tano badala ya tatu, nikaipika, nikaificha kwenye droo, nikaitia mkasi wake. Kesho yake nikavipitisha vijitawi kwenye makaa tone kwa tone, nikiwa nimebana pumzi kama ninayebeba maji ya mtu mwingine. Alhamisi jioni mashine ikaanza kuchora.

Sikutarajia nilichoona. Mchoro wa kwanza ulirudi vile vile, kilima kwa kilima. Na wa pili vile vile, na vilima vyake vitatu vimesimama wima. Maziwa hayakuwa yamebadili neno hata moja. Niliyayeyusha, niliyapika, niliyakata, niliyachuja, na bado kila sampuli ilishikilia hadithi yake. Nilikaa kwenye kiti nikasema Subhanallah peke yangu. Mikono yangu ilikuwa safi, na ya Elphas pia. Yaliyokuwa ndani ya chupa ndiyo yalikuwa ya wanawake wawili.

Ijumaa asubuhi tukashika njia ya Kiamunyi na gari la kazini, mimi na Elphas, na chupa moja tupu ndani ya sanduku la barafu. Daktari alikuwa amenipa ruhusa kwa masharti mawili: nisimtishe mama wa watu, na nirudi na maziwa yake ya kweli, akamuliwe mbele yangu. Bila hayo, alisema, hakuna kamati itakayokubali hadithi. Tulipita nyumba nyingi zisizomalizika, mawe yamepangwa nje na vumbi la machimbo juu ya kila ua, tukasimama kwenye ploti yenye milango sita ya buluu.

Mama kumi na saba aliitwa Wariara. Alikuwa msichana hasa, miaka ishirini na tano au sita, mwalimu wa chekechea aliye likizo ya uzazi. Alimkaribisha Elphas kwa tabasamu, akaniona mimi na koti langu la kazini, tabasamu likafa. Kichanga kililala kwenye kochi katikati ya mito. Mezani palikuwa na kopo la maziwa ya unga na chupa ya mtoto.

"Huyu ni madam Sumeya, anafanya kazi huko lab," Elphas akasema. "Amekuja tu kuuliza kitu kidogo."

Nilikuwa nimejiandaa kuzunguka mbuyu kwa heshima, lakini sina kipaji hicho. "Mama," nikasema, "yale maziwa uliyotoa mara ya pili hayakuwa yako."

Akaketi. Hakukataa. Alitutazama kwa zamu, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amewaambia?"

"Maziwa yenyewe."

"Maziwa inasema?"

"Inasema."

"Ngai!" Akafunika mdomo. "Ilikuwa ya Abby, wa mlango wa tatu. Yeye pia ananyonyesha. Nilimwomba tu anisaidie, hakujua ni ya nini. Alinijazia kikombe asubuhi, Elphas akaingia na chupa yake, nikaenda chumbani nikamwagia humo." Machozi yalikuwa yameanza. "Sikutaka kuwadanganya. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Aliinuka, akafungua Biblia iliyokuwa juu ya kabati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaikunjua. Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu akanipa. Nikausoma mstari wangu mwenyewe, ule ambao Mzee Jalal aliurudia mara mbili kwa utamu wake: *Tutapima sukari zilizoshikamana na protini za maziwa yako.*

"Mama yangu alipimwa sukari," Wariara akasema. "Akaambiwa ako nayo. Wakamkata mguu hapa, halafu wakakata hapa juu. Hakumaliza mwaka. Sasa nyinyi mnakuja kunipima sukari na mimi ndio nimejifungua juzi. Nikajua mmeona kitu kwa ile ya kwanza. Nikasema afadhali wapime ya Abby, waniache."

Nyani haoni kundule. Siku tatu nilikuwa nimemtuhumu kila mtu mwenye mikono, na kosa lilikuwa limelala kwenye karatasi yenye Kiswahili changu kizuri. Katika mji huu wote, kuanzia sokoni mpaka hospitalini, kupimwa sukari ni kitu kimoja tu. Hakuna asiyelijua hilo. Hata mimi nalijua. Shangazi yangu hupimwa sukari kila mwezi. Lakini nilipokuwa nikitafsiri sikuwa nikimwona Wariara. Nilikuwa nikimwona Mzee Jalal sebuleni.

Kisha macho yangu yakarudi kwenye lile kopo mezani.

"Mtoto ananyonya?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. "Siwezi mpea sukari yangu. Ni siku ya tisa nampea hii ya kopo."

"Na yako?"

"Nakamua, juu matiti inauma. Namwaga huko nje, kwa sinki ya kufulia."

Sijui niseme vipi nilivyojisikia. Mimi ninayebeba nusu kijiko cha maziwa kwa mikono miwili, ninayewafukuza watu wenye mandazi, nilikuwa nimemfanya mama amwage maziwa ya mtoto wake kwenye mtaro kwa siku tisa. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Elphas alikuwa akiangalia dari, na nilimshukuru moyoni kwa hilo.

"Wariara," nikasema, "kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika hii fomu. Hatupimi huo ugonjwa. Sijui kama unao au huna. Kliniki watakupima kwa damu ya kidoleni, na nitakwenda na wewe ukitaka. Lakini hata mwenye ugonjwa wa sukari hunyonyesha. Maziwa yake si sumu."

"Sasa hiyo sukari yenu ni gani?"

Nilianza kueleza kuhusu protini, nikamwona anapotea. Nikaacha. Nikavuta kiti karibu. Nikamwambia kwamba ndani ya maziwa yake kuna vitu vidogo mno, mwili wake umevitengeneza wenyewe tangu mimba, na vina vijitawi. Viini vya kuharisha vikiingia tumboni mwa mtoto, vinatafuta pa kushika. Vinakuta vile vijitawi kwanza, na vingi vinanasa hapo hapo, vinatoka kwenye nepi bila kumgusa mtoto. Nikamwambia vya Abby vina alama fulani na vyake havina, na vyake vina mpangilio wake, na mimi niliviona vikiwaka buluu, na kwa miaka kumi na moja sijapata kuona kazi ya mikono ya mtu inayokaribia hiyo.

Aliweka kiganja kifuani mwake, juu ya nguo, akakiacha hapo.

"Hiyo yote iko hapa?"

"Iko hapo."

"Na mimi namwaga." Akatazama nje, upande wa sinki. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza niliona hasira machoni mwake, hasira ya mwalimu hasa. "Sasa si ungeandika hivyo?"

Niliikunja tena ile fomu mara nne, kama alivyoikunja yeye.

Kichanga kikaamka, kikaanza kulia. "Anaitwa Lewis," Elphas akasema, akitaka kutuokoa, nami karibu nicheke kwa sauti: alama ile ile ambayo mama yake hana hata chembe! Wariara alimpakata, akafungua vifungo. Mtoto alinusa, akageuza uso, akalia zaidi. Siku tisa za chuchu ya mpira zilikuwa zimemharibu. Alimjaribu upande wa pili, akakataa. Mama akaanza kulia pamoja naye, na maziwa yakaanza kuchuruzika yenyewe, matone machache ya rangi ya ndizi iliyomenywa, yakashuka kwenye khanga.

"Imepungua," akasema. "Naogopa itaisha." Akaona sanduku la barafu. "Madam, leta hiyo chupa yenu. Chukueni kwanza, kazi yenu isiharibike. Yeye nitampikia ya kopo."

Elphas alinitazama. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Chupa ilikuwa na namba tayari, ameiandika mbele ya mama mwenyewe, kabla ya tone hata moja, kama alivyoniambia. Ilihitaji vijiko viwili tu. Mbele yangu palikuwa na jina langu, na kazi ya mwaka na nusu, na maziwa ya wanawake sitini kwenye friza.

"Elphas," nikasema, "nilikukosea Jumanne. Funga sanduku."

Nikanawa mikono kwa ndoo, nikapiga magoti kando ya kochi. Nilimwambia Wariara aache yale matone yamguse mtoto mdomoni, asimlazimishe, amngoje. Nimefanya kazi ya kungoja maisha yangu yote, hiyo naijua. Tulingoja. Lewis alilia, akapumzika, akaonja tone, akakunja uso. Akaonja jingine. Simu yangu ikaanza kuunguruma mfukoni, ikakatika, ikaanza tena, na hapo ndipo kile kidomo kilipofunguka chote na kushika, na Wariara akavuta pumzi kama mtu aliyechomwa. Nilisikia mtoto akimeza. Vilima vyote nilivyopata kuvisoma vilikuwa vikipita pale, vikienda vilikotengenezewa kwenda, bila barafu wala namba, nami nikajikuta nimeshika mdomo.

Nikapokea simu.

"Sumeya, ni saa sita," Daktari Jepkorir akasema. "Umepata sampuli?"

"Bado, Daktari," nikamnong'oneza. "Mwenyewe ananyonya."